Gede: Maeneo ya kupendeza yaliyojificha nyuma ya magofu mashuhuri

WAGENI wengi wanaofika Gede, katika Kaunti ya Kilifi, huteremka garini, hutembea saa moja au mbili miongoni mwa kuta za mji wa kale, huwapiga picha kima wanaorukaruka juu ya makaburi, kisha hurejea katika hoteli za Watamu na Malindi.

Ziara huwa imekwisha. Hata hivyo, kwa anayeishi Gede, Mijomboni, Dabaso au Msabaha, magofu hayo ni mlango tu. Nyuma yake kuna msitu, mikoko, majabali, mabonde na miji iliyokufa, vyote vikiwa katika mwendo usiozidi siku moja kwenda na kurudi, na vingi havitajwi kabisa katika matangazo ya kuwavutia watalii.

Maeneo hayo yamepata uzito mpya tangu Julai 2024, wakati Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilipouingiza mji wa kale wa Gede katika orodha ya turathi za dunia, kwenye kikao chake cha 46 kilichofanyika New Delhi, India. Heshima hiyo huleta wageni. Swali ni iwapo wageni hao wataishia langoni, au watafika pia kwa majirani ambao kwa vizazi vingi wameishi na msitu na bahari.

Kwa nini hayajulikani

Mahali hapafichiki kwa sababu ni mbali. Mara nyingi hufichika kwa sababu njia imehama.

Mfano mzuri ni Mnarani, ng'ambo ya kusini ya mji wa Kilifi. Kabla ya mwaka 1991, kila gari lililotoka Mombasa kwenda Malindi lililazimika kusubiri feri chini ya jabali ambako magofu ya Mnarani yamesimama. Abiria walikuwa na muda wa kutosha kuinua macho na kuuliza ni jengo gani lile. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka huo, magari yalianza kupita juu kwa kasi, na Mnarani ikasahaulika na wengi wanaopita umbali mfupi tu kutoka pale.

Sababu ya pili ni utaratibu wa biashara ya utalii wenyewe. Mgeni aliyelipia kila kitu kabla ya kuondoka kwao hupelekwa mahali palipopangwa, na kijiji kisichokuwa na lango wala risiti hakimo katika mpango huo.

Sababu ya tatu ni ujuzi. Uzuri wa mahali pengi katika pwani hii hutegemea saa ya maji kupwa na kujaa, na mwelekeo wa pepo za kusi na kaskazi. Mvuvi anajua hayo bila kutazama saa. Mgeni hufika maji yakiwa yametoka, akaona tope, akaondoka akidhani hakuna la kutazamwa.

Ndani ya ukuta wa Gede

Hata magofu yenyewe yana sehemu ambazo wengi hawazifikii. Mji wa Gede, unaoaminika kuanzishwa karibu na karne ya 12 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17, ulizungukwa na kuta mbili. Wageni wengi hukaa ndani ya ukuta wa katikati, penye kasri, msikiti mkuu na nyumba za matajiri.

Kati ya ukuta huo na ule wa nje kuna njia ya miguu inayopita chini ya miti mikubwa, mahali palipokaliwa na watu wa kawaida katika nyumba za udongo na makuti ambazo hazikuacha alama juu ya ardhi. Huko kimya ni kikubwa, na ndiko mtu anapoweza kumwona sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye makao yake makuu ulimwenguni ni pwani hii.

Wakati wa uchimbuaji uliofanywa na James Kirkman kati ya mwaka 1948 na 1958, nyumba za Gede zilipewa majina kutokana na vitu vilivyopatikana ndani yake. Ndiyo maana leo kuna Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe na Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Vyombo vya kaure kutoka China vilivyofukuliwa hapo ni ushahidi kwamba mji huu, ingawa haukuwa ufuoni, ulifanya biashara na ulimwengu wa mbali.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Wareno, walioishi Malindi katika karne ya 16, hawakuutaja mji huu katika kumbukumbu zao zinazojulikana. Kuhusu sababu za kuhamwa kwake, wanahistoria hutaja mashambulizi, kusonga kwa Waoromo kutoka kaskazini na kushuka kwa maji visimani. Anayechungulia katika visima virefu vya Gede ataielewa hoja hiyo ya mwisho bila maelezo mengi.

Msitu wa Arabuko-Sokoke

Mwendo mfupi kutoka njia panda ya Gede kuna kituo cha msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu huu, wenye ukubwa wa takribani kilomita mraba 420, ni kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki.

Mtu anayepita katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi huuona kama ukuta mmoja wa kijani. Kumbe ndani yake kuna misitu mitatu. Upande wa mashariki ni mchanganyiko wa miti mingi, ikiwemo mibambakofi. Katikati, kwenye mchanga mweupe, ni mirihi iliyosimama kwa nafasi kama bustani. Upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu, ni kichaka kizito ambamo huishi bundi mdogo wa Sokoke, ndege adimu apatikanaye pia katika vilima vya chini vya Usambara Mashariki nchini Tanzania.

Zaidi ya aina 230 za ndege zimerekodiwa humu, na ndovu wamo pia. Kwa hiyo si msitu wa kuingiwa bila mwongozaji.

Hata hivyo, mahali ambapo wachache hufika ni Nyari, ukingo wa mwinuko ulioko upande wa magharibi. Ukisimama hapo alfajiri, msitu wote umelala chini yako kama zulia, na mbele yake hori ya Mida inang'aa, kisha bahari. Ndipo mtu anapotambua kwamba msitu, mikoko na matumbawe ni nchi moja iliyopangwa kwa ngazi.

Vipepeo vilivyonusuru miti

Msitu huu ungaliweza kupungua sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wengi wa pembeni, waliobanwa na uhaba wa ardhi na mimea yao kuliwa na wanyama, walitaka sehemu yake ikatwe wapewe mashamba. Hawakuwa na sababu ya kuupenda, kwa kuwa uliwala wao, wao hawakuula.

Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, wenye makao yake katika uwanja wa magofu ya Gede. Wakulima huwakamata vipepeo wachache msituni, huwawekea majani ya miti wanayotagia mayai, huwalisha viwavi, kisha huuza pupa kabla hawajatoka. Pupa hao husafirishwa kwa ndege hadi kwenye mabanda ya maonyesho ya Ulaya na Marekani.

Mkulima anayehitaji mti fulani uendelee kuwapo ili viwavi wake wale hana haja ya kuhimizwa na askari wa msitu asiukate. Kwa miaka iliyofuata, kauli za kutaka msitu ugawanywe zilipungua miongoni mwa waliofaidika. Mgeni anaweza kulitembelea banda la vipepeo kwa muda usiozidi nusu saa, lakini wengi hulipita bila kujua lina hadithi gani.

Mida: Panapotegemea saa ya maji

Kusini mwa Gede, bahari huingia nchi kavu kupitia mlango mwembamba na kutanda katika hori ya Mida. Hakuna mto unaoingia humo. Maji baridi huchuruzika kutoka chini ya ardhi, nayo ndiyo yanayosaidia mikoko kustawi. Humo kuna mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi, kila mmoja ukiwa na mahali pake kulingana na kina cha maji na chumvi.

Maji yanapojaa, hasa wakati wa bamvua, mtumbwi huweza kupita katikati ya miti kama mtu anayetembea katika vichochoro vya Lamu. Yanapokupwa, tope hufunuka na maelfu ya ndege huteremka kula. Baadhi yao huwa wamesafiri kutoka Siberia. Wengine, wale weupe kwa weusi walao kaa, huzaliana katika fuo za Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kukaa Mida katika majira ya kaskazi.

Kuna daraja jembamba la mbao na kamba linaloning'inia juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada ya kulivuka huchangia mpango ulioanzishwa mwaka 2001 na shirika la A Rocha Kenya wa kuwalipia karo ya shule ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori. Aidha, huko Dabaso kikundi cha wenyeji kimejenga mkahawa juu ya nguzo ndani ya mikoko, ambako kaa hupikwa na jua hutazamwa likizama. Fedha hubaki kijijini.

Kwenye mlango wa hori kuna mapango ya chini ya maji yaliyopewa jina la tewa, samaki wakubwa wanaojificha humo. Mkondo hapo ni mkali, na hapaogelewi ila katika kile kipindi kifupi maji yanapotulia kabla ya kugeuka. Anayejua kipindi hicho ni nahodha, si kitabu cha mwongozo.

Kusini: Mnarani, Takaungu na Vuma

Kilifi iko takribani kilomita 45 kusini mwa Gede. Magofu ya Mnarani, yanayosimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yana misikiti, makaburi na mbuyu mkubwa ajabu. Msikiti wake mkuu ulisifika kwa maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika kibla. Ukingoni mwa jabali, mtu hutazama maji ya buluu ya hori ya Kilifi, majahazi ya kisasa yaliyotia nanga na daraja lililoinyang'anya Mnarani wapita njia wake.

Usiku wa giza, maji ya hori hiyo huwaka. Si uchawi, ni viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho ambavyo hutoa mwanga vinapotikiswa na kasia au mkono. Mbalamwezi huufuta mwanga huo, na kwa hiyo wenyeji hushauri safari ifanywe mwezi unapokuwa haujatoka.

Mbele zaidi ni Takaungu, mji mdogo wa Waswahili ambako baadhi ya Mazrui walihamia baada ya kuondolewa Mombasa na Seyyid Said mwaka 1837. Karibu nao ni majabali ya Vuma. Mwamba huo ni matumbawe yaliyoota chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati kina cha maji kilipokuwa juu kuliko leo. Bahari iliposhuka, mwamba ulibaki wazi, na sasa mawimbi yanautafuna kutoka chini, yakipiga na kuruka juu kama moshi. Hasa wakati wa kusi, si mahali pa kusogelea ukingo kwa ajili ya picha.

Kaskazini: Sabaki hadi Marafa

Kaskazini mwa Malindi, Mto Sabaki humimina baharini maji yenye udongo mwekundu uliotoka mbali bara. Wakati wa kaskazi mikondo huusukuma udongo huo kusini hadi Malindi, ndiyo sababu maji ya mji huo hugeuka rangi ilhali ya Watamu hubaki maangavu. Lakini udongo uo huo umeumba mlango wa mto wenye matuta ya mchanga, vidimbwi, viboko na, kwa misimu, makundi ya heroe.

Ukivuka mto unafika Mambrui, mji mkongwe wenye kaburi la mnara ulioanguka, lililopambwa kwa bakuli za kaure za China. Mwaka 2010 wataalamu wa Kenya na China waliokuwa wakichimbua karibu na hapo walipata sarafu ya shaba ya Kichina ya mwanzoni mwa karne ya 15, enzi ile ile ambapo twiga kutoka Malindi alifikishwa China mwaka 1415.

Ngomeni, mbele zaidi, ina mandhari ya aina nyingine. Nje ya ufuo wake yamesimama majukwaa ya chuma ambayo Waitaliano waliyatumia kurushia setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Mojawapo ilirushwa Desemba 12, 1970, na kwa kuwa siku hiyo ni ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kujengwa mahsusi kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani. Ni Wakenya wangapi wanaojua kwamba neno hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota?

Bara kidogo, katika Magarini, kuna Marafa, ambayo wageni huiita Jiko la Jehanamu. Wenyeji huiita Nyari, jina lile lile la ukingo wa Arabuko-Sokoke, kwa maana ya mahali palipojibomoa. Mvua na upepo vimeukata mchanga uliogandamana na kuacha nguzo na vilele vyeupe, vya waridi, vya machungwa na vyekundu. Masimulizi ya Wagiriama yanasema hapo palikuwa na tajiri aliyeoga kwa maziwa huku majirani wakilala njaa, na Mungu akamdidimiza na mali yake yote. Jioni, jua linapoelekea kuzama, rangi hizo huwa kali kupita kiasi. Adhuhuri joto la bondeni halivumiliki.

Karibu na Marafa ni pori la Dakatcha. Huko ndiko mwaka 2013 yalikotambuliwa mazalio ya mnana wa Clarke, ndege apatikanaye katika Kaunti ya Kilifi pekee, ambaye kwa miongo mingi hakuna aliyejua alitagia wapi. Pori hilo linapungua kwa sababu ya makaa na kilimo, na liliwahi kukabiliwa na mpango wa mashamba makubwa ya mbono kaburi kabla ya mpango huo kukwama kufuatia upinzani wa wakazi na watetezi wa mazingira.

Si kila mahali ni pa kutalii

Kaya za Wamijikenda, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2008, ni misitu ya kupendeza. Lakini ni mahali pa ibada na makaburi kabla ya kuwa mandhari. Haziingiwi bila idhini ya wazee, na mgeni hufuata masharti atakayopewa kuhusu mavazi, njia na picha.

Kumbukumbu za pwani hii zinaeleza kwa nini. Agosti 1914, wakati wa upinzani wa Wagiriama uliochochewa na Mekatilili wa Menza, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Jamii iliyoshuhudia hayo ina haki ya kuuliza mgeni anataka nini.

Faida kwa nani?

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika pwani hii, methali hiyo haijatimia kila mahali. Njia za kale za kwenda ufuoni zimezibwa sehemu nyingi na kuta za viwanja vya watu binafsi. Mikoko hukatwa na watu wasio na kuni nyingine. Aidha, mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia watalii, ilidhihirika jinsi ajira za wengi zilivyotegemea wageni wa mbali pekee.

Ndiposa ziara za wenyeji wenyewe zina umuhimu. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi Mida, familia ya Malindi inayokwenda Marafa Jumapili, au kijana wa Kilifi anayepanda hadi Mnarani, hupunguza utegemezi huo na hujenga kundi la watu watakaouliza siku mahali hapo patakapowekewa ua.

Kwa anayetaka kuanza, mahitaji si mengi. Matatu za Mombasa na Malindi husimama njia panda ya Gede, na tuktuk au bodaboda humaliza safari za karibu. Marafa na Ngomeni zahitaji kupangiwa siku nzima, na wakati wa masika barabara za huko huwa mbaya. Ni vyema kuulizia saa za maji kabla ya kwenda Mida, kukubaliana na mwongozaji kuhusu malipo kabla ya kuondoka, na kununua chakula panapouzwa na wenyeji.

La mwisho ni kutochukua kitu. Kigae cha kaure kilichookotwa Mambrui au Gede hakina thamani mezani kwa mtu. Kikibaki ardhini kilipolala, ni ukurasa wa historia ambao bado haujasomwa.